Mzabibu wa Kenya Israel

Rodgers Nzomo aliuona mzabibu ule akiwa katika hali ambayo mtu mstaarabu hatarajiwi kuona fursa ya biashara. Alikuwa ameelekea ua wa watu, zipu wazi, anajisaidia.

Tusimlaumu haraka. Kila Alhamisi alikula nyama choma katika kibanda kimoja cha mtaa wa Kenya Israel, hapa Machakos, na choo cha kibanda kile kilikuwa cha kulipia. Rodgers hakuwa mtu wa kulipia kitu ambacho ua wa jirani ulikitoa bure. Kwa miezi mingi alikuwa akiutembelea ua ule, simu sikioni, na siku zote alichokiona mbele yake kilikuwa majani. Alhamisi hii aliinua macho, akasahau alichokuwa akifanya, akalowesha kiatu.

Katikati ya majani mapana vilining'inia vichala vya zabibu. Wala si zile za mviringo zinazouzwa kwa pakiti. Hizi zilikuwa nyeusi ti, ndefu kama kidole cha mtu mzima, na juu ya ganda zilikuwa na ule unga mweupe mwembamba wa tunda ambalo halijashikwa na mkono. Alihesabu vichala ishirini kisha akaacha, maana moyo ulikuwa unamwenda mbio.

"Mungu wangu," alisema, akafunga zipu kwa heshima.

Kwa kazi, Rodgers alikuwa daktari. Daktari wa nini, hilo lilitegemea mwaka. Mwaka wa kware alikuwa daktari wa kware, akawauzia watu mayai yaliyosemekana kutibu kila ugonjwa isipokuwa ujinga. Kware walipokosa wanunuzi akawa daktari wa parachichi. Miaka minne iliyopita, kati ya Kangundo na Matuu, alikuwa daktari wa mizabibu. Alikata vijiti kwenye ua wa padri mmoja mzee aliyekuwa safarini, akavichomeka kwenye pakiti za maziwa zilizojaa udongo, akawauzia akina mama pamoja na mkataba wenye muhuri, kwamba kampuni itarudi kununua mazao. Vijiti vilishika, vikatoa majani, vikatoa majani tena. Kampuni haikurudi.

Mali yake ya maana ilikuwa moja tu, Probox nyeupe aliyoiita Ofisi. Ndani yake mlikuwa na koti jeupe la daktari, meza ya kukunja na mihuri mitatu. Rodgers aliipenda Ofisi kuliko alivyowahi kupenda mtu. Alijua vizuri kwamba wateja hawakuamini maneno yake. Waliamini gari, na maneno yalikuja nyuma.

Sasa, wiki hiyohiyo alikuwa na samaki mkubwa kwenye ndoana. Mstaafu mmoja wa polisi, Inspekta Dedan Njogu wa kule Yatta, alikuwa na wenzake kumi na mmoja, wote wamelipwa kiinua mgongo, wote wanatafuta kitu cha kupanda. Rodgers alikuwa amewaahidi miche ya zabibu za ajabu. Ila Inspekta alikuwa na kichwa kigumu. "Mimi siamini picha," alimwambia. "Nionyeshe mti uko na matunda, niguse na mkono yangu. Hapo tutaongea."

Rodgers hakuwa na mti. Na sasa mti ulikuwa mbele yake, upande wa pili wa waya.

Alipita langoni akiwa tayari amevaa koti jeupe. Mama wa miaka sitini na kitu alikuwa ameketi kwenye kigoda, anasokota katani kwenye paja, anasuka kiondo. Vidole vyake vilikwenda haraka bila yeye kuvitazama.

"Wi museo, mwaitu?" alimsalimia kwa Kikamba.

"Ni museo," alijibu mama. Jina lake lilikuwa Wayua. "Karibu. Kiatu yako imelowa."

"Ni umande, mama."

"Saa nane mchana?"

"Umande wa huku unachelewa," alisema Rodgers, akajivutia kigoda. "Mimi ni Daktari Rodgers, wa utafiti wa matunda. Hii mzabibu uliitoa wapi?"

"Nilipatiwa na mtu mmoja amesoma sana. Alisema iko na damu ya nchi takatifu."

"Hakukudanganya! Mama, unajua hii ni nini? Hii ni Eshkoli! Si unakumbuka ile picha ya Sunday school, wanaume wawili wamebeba kichala kwa mti mabegani? Ndiyo hii. Wazungu wameitafuta mpaka wamechoka, kumbe iko hapa Kenya Israel, inangoja."

Vidole vya Mama Wayua vilisimama kidogo. "Eshkoli," alisema. "Hilo jina nimewahi kulisikia." Kisha vidole vikaendelea.

Rodgers aliinuka, akanyoosha mkono kwenye kichala kilichokuwa karibu. Alichapwa kofi la mkono lililomrudisha darasa la pili.

"Usiguse! Unaona hiyo unga nyeupe? Ukiishika inatoka, na ikitoka mti inakasirika, inaangusha yote. Ngoja mpaka Jumamosi, ndio itakuwa imekomaa ya kushikwa. Si wewe ni daktari?"

"Nilikuwa napima kama unajua," alisema Rodgers, akitikisa kichwa kama mtu aliyesomea jambo hilo ng'ambo.

Mama aliingia jikoni, akarudi na zabibu sita kwenye kisahani. Rodgers alitia moja mdomoni. Ilipasuka kwa utamu, haikuwa na mbegu hata moja, na ilikuwa baridi kiasi cha kumuuma jino.

"Mbona ni baridi hivi?"

"Ni umande," alisema Mama Wayua.

Angekuwa mtu mwingine angeuliza zaidi. Lakini Rodgers alikuwa ametumia umande uleule dakika kumi zilizopita, akaona si busara kuanza kuuchunguza. Alitafuna, akameza, na kabla hajameza ya pili alikuwa ameshaona Jumamosi nzima: Inspekta anagusa, wastaafu wanatoa simu mfukoni, yeye mwenyewe anapokea kwa mikono miwili.

"Mama, nataka kuununua huu mti."

"Haiuzwi."

Hapo ndipo lango lilipofunguliwa bila hodi. Aliingia mwanamke wa Kisomali, mrefu, mtandio wa kijani, ufunguo mkubwa wa duka mkononi. Hakumtazama Rodgers hata kidogo.

"Mama Wayua, umeamua? Watu wangu wa Nairobi wanapiga simu mpaka masikio inauma. Nimekuambia nataka mti yote."

"Huyu ni Haweya, ako na duka ya matunda huko sokoni," Mama Wayua alimweleza Rodgers kwa sauti ya kuchoka. "Amekuja hapa kila siku tangu Jumatatu."

"Pole dada," alisema Rodgers, "lakini huu mti niko na mazungumzo nao."

Haweya alimkagua kuanzia koti mpaka kiatu chenye umande. "Wewe ni nani? Muuza dawa ya meno?" Kisha akamgeukia mama. "Nakupatia friji mpya na pesa juu yake. Narudi saa kumi na gari ya kubebea. Tafadhali, usimwachie mtu wa njia."

Akatoka. Lango lilijibamiza, na Rodgers akahisi kitu ambacho alikuwa amewapa watu wengi lakini hajawahi kukionja. Ni lile joto la shingoni linalomwambia mtu kwamba akichelewa kidogo tu, utajiri wake utaondoka na mwingine.

"Mama, friji ni kitu gani? Friji inakaa tu kwa ukuta. Mimi nakupatia gari."

"Gari gani?"

"Ile Probox nyeupe iko pale nje."

Mama Wayua aliinua shingo, akaitazama kwa muda mrefu. "Mimi sijui kuendesha."

"Utafundishwa."

"Inakula mafuta?"

"Mama, hiyo gari hainywi mafuta. Inanusa tu."

Alisitasita huyo mama! Aliuliza kuhusu matairi, akauliza kama redio inashika stesheni ya Kikamba, akaenda kuketi ndani yake, akatoka, akasema hapana, akarudi kuketi tena. Rodgers aliitazama saa mpaka macho yakamwasha. Ilipofika saa tisa na nusu, Mama Wayua alitoa daftari la mraba na kalamu.

"Andika wewe. Mwandiko yangu ni mbaya, na wewe umesoma."

Rodgers aliandika mwenyewe, kwa raha kabisa, tena kwa herufi za kulala. Kwamba Mama Wayua amemuuzia mzabibu mmoja, *kama ulivyo*, hapo ulipo, pamoja na *matunda yote utakayozaa tangu leo*. Sentensi hiyo ya mwisho aliipigia mstari mara mbili, asije mtu akamnyang'anya hata kokwa. Walitia sahihi wote wawili. Akampa logibuku, ile hati ya gari, akahamisha jina la gari kwenye simu papo hapo, akachukua koti na mihuri yake, kisha akaipapasa Ofisi mgongoni na kuiambia kimoyomoyo kwamba mwezi ukiisha atanunua dada yake mkubwa.

Jumamosi saa tatu asubuhi, wastaafu kumi na wawili walikuwa wamejipanga mbele ya mzabibu, kofia kichwani, kama watu waliokuja kumzika mtu wasiyemjua vizuri. Malipo ya kwanza walikuwa wameyatuma jana yake, maana Rodgers aliwaambia foleni ni ndefu; salio Inspekta alilizuia mpaka aguse. Lango lilikuwa wazi na nyumba imefungwa. Yeye alikuwa amekuja kwa bodaboda, jambo lililomuumiza, lakini aliwaeleza kwamba gari la utafiti liko utafitini.

Alihutubu. Tumpe haki yake, alihutubu vizuri. Alianza na wanaume wawili wa kichala, akapitia udongo wa Yatta, akafika kwenye hoteli za Mombasa ambazo zinalala njaa zikingoja zabibu za vidole. Mwalimu mmoja mstaafu alipangusa macho.

"Naweza kugusa sasa?" aliuliza Inspekta Njogu.

"Gusa, mzee. Ndiyo maana tuko hapa."

Inspekta alishika kichala kwa vidole viwili, akavuta taratibu. Kichala kilitoka. Nyuma yake ukafuata uzi wa katani, umetiwa rangi ya kijani, mwembamba, umefungwa kwa fundo dogo safi ambalo lingemletea sifa mtu yeyote katika maonyesho ya viondo.

Inspekta alivaa miwani.

"Daktari, hii ni uzi."

Mdomo wa Rodgers, mfanyakazi mwaminifu, ulikuwa umeshafika kazini. "Umeona haraka, Inspekta! Wengine hawaonagi. Hiyo ndiyo teknolojia yenyewe. Tunda linaletwa kutoka ng'ambo likiwa limelala, linafungwa kwa mti wa hapa, likipata jua ya Machakos linaamka."

Wastaafu wawili walitikisa vichwa kukubali. Mwalimu alianza kuandika.

Inspekta alivuta kichala cha pili, kikaja na uzi wake. Akavuta cha tatu. Chini ya cha tatu palikuwa na kibandiko kidogo cha rangi ya dhahabu, chenye jina la nchi ya mbali.

"Na hili," alisema Inspekta, "limeamka na pasipoti yake."

Alikuwa amefanya kazi ya polisi miaka thelathini na mmoja, na mkono wake ulilijua bega la mtu. Uliliegemea la Rodgers kwa upole tu. "Toa simu, Daktari. Rudisha ya kila mtu, mmoja mmoja, nikiona. Ukimaliza nitaangalia kama nimekasirika."

Alikuwa anamrudishia mtu wa kumi na mbili aliposikia sauti ya injini anayoifahamu kuliko sauti ya mama yake. Ofisi iliingia langoni. Haweya alikuwa kwenye usukani, Mama Wayua kando yake ameshikilia kiondo, na nyuma walikuwa wamebanana akina mama saba wa Kangundo, wanacheka kabla mlango haujafunguliwa.

"Umeniibia!" Rodgers alipiga kelele. "Mama mzima kama wewe! Hizi zabibu ni za duka!"

"Za duka langu," alisema Haweya. "Ni tamu, sivyo? Tulianza kuzifunga saa kumi na mbili asubuhi ile Alhamisi. Wewe si ni yule ulinitumiaga meseji ya malipo ya uongo, na bodaboda ikabeba embe zangu kreti sita? Hatukuonana, lakini tuliongea kwa simu. Nikasema, hii sauti nitaijua hata kaburini."

"Mimi nimekuuzia mti kama ulivyo," alisema Mama Wayua. "Wewe mwenyewe umeandika. Mwandiko mzuri sana." Akatoa kwenye kiondo karatasi nyingine, iliyokunjwa mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Juu yake palikuwa na muhuri. Rodgers aliutambua, kwa sababu ulikuwa mfukoni mwake. "Hii nayo ni yako. Inasema kampuni itarudi kununua. Tumengoja miaka minne. Sasa imerudi, na tumefurahi."

Rodgers aliutazama mzabibu, halafu karatasi, halafu mzabibu. "Hii ni..."

"Ni ile miche yako. Nilikuwa nimetembelea dada yangu Kangundo siku ulikuja kanisani na pakiti za maziwa. Mimi nilinunua moja. Yeye alinunua kumi." Mama Wayua hakuwa anacheka tena. "Aliuza mbuzi, Daktari. Alimwagilia hiyo miti kila jioni miaka miwili, na kila jioni majirani wakimuuliza, kampuni inakuja lini? Mbuzi hatukulilia. Tulilia hiyo aibu."

Rodgers aliangalia kiatu.

"Mlinijuaje?" aliuliza mwishowe. "Kule nilivaa miwani. Niliweka ndevu."

"Sauti yako iko na ndevu? Kila Alhamisi unasimama kwa ua yangu na simu. Unadanganya mtu na unakojoa, yote mara moja. Nikaanza kusikiliza. Ndio tukazifunga hapohapo, mahali macho yako inafikanga."

Akina mama waliangua kicheko mpaka mmoja akaketi chini. Inspekta Njogu aligeuka kutazama pembeni, mabega yakimtikisika. Na Rodgers aliumia. Alikuwa amezoea kufikiria kwamba waliodanganywa hukasirika tu kisha husahau. Hakujua kwamba mtu hubaki akikumbuka kila neno aliloamini, na sasa alikumbuka yake yote, mpaka lile la dada mkubwa wa Probox.

Pembeni mwa ua palikuwa na panga butu la kukatia majani ya mbuzi. Alilinyakua.

"Mti ni wangu? Si ndiyo? Ni wangu?"

"Ni wako," alisema Mama Wayua. "Kuna karatasi."

"Basi naukata!"

"Kata."

Aliukata. Alifyeka matawi yote ya miaka minne, majani yakaruka, nyuzi za katani zikamnasa shingoni. Alitaka kuling'oa na shina, lakini panga halikuwa na makali na mikono haikuzoea kazi, kwa hiyo yalibaki magongo mafupi yenye macho mawili matatu kila moja, yakidondosha maji kama yanalia. Kisha akalitupa panga, akavua koti jeupe, akatoka langoni kwa miguu. Inspekta aliamua kwamba hakukasirika vya kutosha kumfuata.

Wiki ya tatu, macho ya yale magongo yalifumuka. Wiki chache baadaye kulikuwa na vishada vidogo vya maua. Mama Wayua alimwita bwana shamba, akaja, akazunguka mara mbili.

"Kumbe mlikuwa hampogoi? Huku kwetu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Usipoukata mpaka uushtue, utakula majani maisha yako yote. Nani aliupogoa vizuri hivi?"

"Daktari mmoja," alisema Mama Wayua.

"Na mbolea? Maana nyasi za ua huu ni kijani kibichi kabisa. Nani aliweka?"

Mama Wayua alifikiri. "Ni huyohuyo."

Kangundo, akina mama walipopata habari, walichukua mapanga asubuhi hiyohiyo. Inspekta Njogu aliagiza vijiti mia mbili vya kupanda Yatta, akasema vipelekwe kwa ile Probox, ambayo kwa kweli inanusa tu. Na mwezi wa nne tangu kukatwa kule ulipokaribia kwisha, zabibu ziliiva. Hazikufanana na zile za duka hata kidogo. Zilikuwa za manjano iliyofifia, nyembamba, zimepinda mfano wa pilipili. Padri yule mzee aliyekatiwa vijiti peke yake ndiye aliyejua alizitoa wapi, na alikwisha kufa. Ukiuma moja, utamu wake unafika kwanza, halafu harufu ya waridi inakuja nyuma yake. Haweya aliionja, kisha akauliza kama anaweza kuketi.

"Ni za Daktari," alisema Mama Wayua. "Matunda yote, ilipigiwa mstari mara mbili. Mimi sili kitu ya mtu."

Akapiga picha, akaituma.

Rodgers alikuwa Mlolongo, kwenye chumba cha kukodi, akijiandaa kuwa daktari wa vanila. Simu ililia. Picha ilikuwa ya kichala kimoja kikubwa juani, na chini yake maneno: *Daktari, mti yako imezaa. Kuja uchukue zako. Mkataba ni mkataba.*

Aliikuza picha kwa vidole viwili. Alitafuta uzi kwenye kikonyo cha kwanza, kisha cha pili, akatafuta kibandiko, akatafuta fundo. Hakuona chochote, na akakubali moyoni kwamba yule mama amezidi kuwa fundi. Halafu akalitazama tunda lenyewe, lilivyopinda, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

"Wamefunga pilipili!" alisema. "Wananiona mjinga, hata zabibu hawakununua."

Akaifuta picha, akaizuia namba ya Mama Wayua, akavaa viatu, akatoka kwenda kutafuta wateja kwa miguu. Mama Wayua alingoja siku tatu, kisahani kikiwa tayari mezani, kimefunikwa kitambaa. Siku ya nne aliwaita dada yake na akina mama wa Kangundo, wakaja wakala.